Sanduku la zana: Zawadi ya babu yenye mtaji ndani yake

KATIKA vijiji vya Nyanda za Juu Kusini, si jambo geni zana za seremala mzee kugawanywa mara tu baada ya kuondoa matanga, sawa na nguo zake. Randa huchukuliwa na mtoto wa kwanza, msumeno huenda kwa mpwa, patasi hubaki kwa jirani aliyeziazima, na sanduku lenyewe huishia jikoni kuku wakatagia humo. Mwaka ukipita, hakuna hata mmoja kati ya warithi hao anayeweza kutengeneza kigoda.

Kiuchumi, hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zana za seremala ni mtaji zikiwa pamoja. Msumeno hukata, randa hulainisha, guni hupima pembe, patasi huchonga kiungo. Ikikosekana moja, nyingine zinasimama. Seti iliyovunjwa haina tofauti na shamba lililokatwa vipande hadi kila mrithi akabaki na matuta mawili: kila mmoja amepata haki yake, lakini hakuna anayevuna cha kuuza.

Ndiyo maana mzee anayetengeneza sanduku la zana kwa mikono yake na kumkabidhi mjukuu angali hai anafanya uamuzi wa kiuchumi, hata kama yeye mwenyewe anauita zawadi tu.

Cheti bila zana

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vyake, pamoja na vile vya mashirika ya dini na watu binafsi, hufundisha useremala, uashi, umeme, ufundi bomba na fani nyingine. Kijana hujifunza kwa kutumia zana za chuo. Akihitimu huondoka na cheti, lakini randa na jiriwa hubaki karakana.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Fundi mwenye zana ndiye anayepatana bei na mteja. Asiye nazo huwa saidia fundi, hulipwa kwa siku, na kazi ikiisha malipo nayo yamekwisha. Vijana wawili wanaweza kuwa wamekaa darasa moja na kupata alama sawa, lakini mmoja akawa bosi wa mwenzake kwa sababu ya sanduku tu. Hali ni hiyo hiyo kwa binti aliyesomea umeme kama ilivyo kwa mvulana aliyesomea uashi.

Ubao mmoja unatosha

Sanduku lenyewe ndiyo sehemu rahisi ya zawadi hii. Ubao mmoja wa inchi 1 kwa 8, wenye urefu wa futi 12, unatosha. Ukishapigwa randa hubaki na unene wa sentimeta 2 na upana wa sentimeta 19 hivi.

Kabla ya kukata, ipimwe kwanza zana iliyo ndefu kuliko zote. Pimamaji ya futi 2 ina sentimeta 60, na msumeno wa inchi 22 pamoja na mpini wake unakaribia sentimeta 70. Kwa zana hizo, ubao hukatwa hivi: kitako kimoja cha sentimeta 70, mbavu mbili za sentimeta 74 kila moja, na vichwa viwili vya sentimeta 30 vitakavyosimama wima. Jumla ni sentimeta 278. Kipande kinachobaki hutoa kizuizi cha ndani cha kutenganisha patasi na nyundo, ili makali yasigongwe.

Vichwa hupigiliwa kwenye ncha za kitako, kisha mbavu hufunika kitako na vichwa kwa pande zote mbili. Juu ya vichwa hutobolewa matundu, likapitishwa fimbo gumu la kushikia. Mpini wa jembe uliozeeka unafaa sana. Inashauriwa kutumia skrubu badala ya misumari, kwa kuwa sanduku likivunjika litafunguliwa na kutengenezwa upya. Matundu ya skrubu yatobolewe kwanza, la sivyo ubao utapasuka mwishoni.

Chini viwekwe vipande viwili vya miguu ili kitako kisigusane na sakafu. Mchwa na unyevu huanzia chini.

Mbao ikauke kwanza

Kosa linaloharibu masanduku mengi ni kutumia mbao mbichi. Ubao hupungua zaidi upana kuliko urefu unapokauka, hivyo sanduku la mbao mbichi hufunguka nyufa kwenye maungio, na zana zilizolazwa humo hushika kutu.

Mbao zipangwe kivulini juu ya magogo, zitenganishwe kwa vijiti ili hewa ipite, na juu yake uwekwe uzito zisipinde. Njia rahisi ya kujua zimekauka ni kupima ubao mmoja kwenye mzani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao uko tayari.

Mufindi na Njombe mbao za paini zinapatikana kwa urahisi, na sanduku lake huwa jepesi kubeba. Tahadhari ni kwamba wakulima wengi huvuna miti kabla haijakomaa kwa sababu ya shida ya fedha, na mbao zake hupinda. Mninga ni imara zaidi, lakini ni mzito, ni ghali, na uvunaji wake unahitaji leseni. Mwenye mti wake mwenyewe naye aulize ofisi ya misitu kuhusu vibali kabla ya kukata na kusafirisha.

Zana moja kila msimu

Gharama kubwa iko ndani ya sanduku. Mzee mwenye wajukuu wanane hawezi kununua seti nane kwa mkupuo. Anaweza, hata hivyo, kutengeneza masanduku manane na kuweka katika kila moja nyundo, futikamba na guni. Baada ya hapo huongeza zana moja kila msimu wa mauzo ya mahindi, viazi au chai, akianza na mjukuu aliye karibu kumaliza shule.

Nafasi zilizo wazi ndani ya sanduku zina kazi yake. Zinamwonyesha kijana kilichopungua, naye akipata kibarua anajua fedha ya kwanza inunue nini. Kwa mtoto mdogo, zana zenye makali zisubiri. Aanze kwa kupima na kugongelea, babu akiwa pembeni.

Babu ana nafasi ambayo baba hana. Kwa desturi za makabila mengi, babu na mjukuu ni watani, hivyo kosa la kukata ubao mfupi huishia kwa kicheko badala ya kipigo, na mtoto hurudi kesho yake kujaribu tena. Samaki mkunje angali mbichi.

Kukabidhi mbele ya mashahidi

Zawadi isiyojulikana huzaa ugomvi. Ni vyema sanduku likabidhiwe mbele ya wazazi wa mtoto na ndugu wengine, na karatasi fupi iandikwe kutaja zana zilizomo, mwenye kupewa na tarehe. Kwa Waislamu, hiba hukamilika pale kitu kinapokabidhiwa. Ahadi ya mdomo tu haitoshi. Kwa familia yoyote ile, zana zilizokwisha kukabidhiwa hazisubiri kikao cha mirathi.

Mkulima mwenye nafasi pembezoni mwa shamba anaweza kuanza mapema zaidi. Msindano uliopandwa mwaka anaozaliwa mjukuu, ukapogolewa na kutunzwa, huweza kutoa mbao zilizokomaa atakapofikisha umri wa miaka 18 hadi 25. Huo ndio umri ambao kijana anahitaji mtaji, na ambao benki humwuliza dhamana asiyokuwa nayo. Mti mmoja utatoa mbao za kutosha masanduku ya ndugu zake pia, na zinazobaki zikiuzwa zitachangia kununua randa.