Adabu ya Taa Kambini

Kila mwaka mvua zikiisha kukatika na shule zikifungwa, watu wetu huanza kusafiri na kulala nje. Vijana hufanya kambi zao, walimu huwachukua wanafunzi kwenda kutazama wanyama wa Ruaha, na jamaa wakutanao kwa siku kuu hupiga mahema uwanjani kwa kuwa nyumba hazitoshi. Katika kambi hizo tumeona desturi mpya, nayo ni ya taa za mapambo: taa ndogo ndogo zilizotungwa katika waya kama shanga, nyeupe, nyekundu, za buluu na za kijani, zifungwazo juu ya mahema na katika matawi ya miti. Mchana hujazwa nguvu za jua, usiku huwaka. Ni nzuri kwa macho, wala hatuandiki ili kuzilaumu. Twaandika kwa sababu jambo zuri likikosa adabu huwa udhia kwa jirani, na kwa sababu tulimwona mtu akiumia kwa ajili yake.

Ilikuwa hivi. Miaka michache iliyopita jamaa kadha wa kadha walikusanyika nje kidogo ya Madibira, karibu na mashamba ya mpunga yanyweshwayo kwa maji ya mto Ndembera. Nasi tulikuwa miongoni mwa wasimamizi. Kijana mmoja mwenye moyo mwema alileta shanga nyingi za taa, akazifunga tangu mlangoni pa kambi mpaka jikoni, na nyingine akazitandaza kando ya njia iendayo chooni. Jioni kila mtu alizisifu, nasi tukazisifu. Mmoja wetu hata alisema kwamba usiku huo hatajikwaa mtu. Baada ya sala tukaenda kulala, wala hapana aliyefikiri kuzizima.

Usiku wa manane mzee mmoja aliamka kwenda chooni. Kwenda alikwenda salama, maana taa kali zilikuwa nyuma yake. Lakini wakati wa kurudi zilimkabili usoni, zimening'inia sawa na macho yake. Aliona taa, asione ardhi. Mguu ukanasa katika kamba ya hema, akaanguka mferejini, akavunjika mkono wa kuume. Na mpunga wake ulikuwa bado umesimama shambani.

Asubuhi, tulipoulizana habari za usiku, yakatoka na mengine. Mama mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa ametoka katika homa, alisema hakulala, kwa kuwa taa ziliangaza ndani ya hema lake na mtoto akalia mpaka alfajiri. Tukamwuliza, “Mama, mbona hukutuambia?” Akajibu, “Niliwaona mnafurahi, nikaona haya.” Neno hilo lilituchoma, maana sisi ndio tuliowekwa kuangalia raha ya wote, nasi tulilala usingizi mzuri.

Yule kijana alikwenda kwa mzee, akachutama mbele yake, akasema, “Shikamoo, baba. Nimekukosea.” Mzee akajibu, “Marahaba, mwanangu. Hukukusudia. Ila taa yako ilinitazama mimi, haikuitazama njia.” Juma lile kijana na wenzake walishika mundu wakavuna mpunga wa mzee mpaka ukaisha. Hivyo wakapatana, lakini mkono ule haukurudia nguvu zake za kwanza.

Tangu siku ile tumelifikiri sana neno la mzee, tukatafuta sababu zake. Wajuao habari za macho watuambia kwamba jicho la mtu huzoea giza polepole, hata huchukua kama nusu saa kabla halijaona vema. Mwanga mkali ukilipiga ghafula, mazoea yale hupotea mara moja, na kazi huanza tena tangu mwanzo. Kwa hiyo taa kali iliyo mbele ya uso huongeza giza la mahali pasipofikiwa na mwanga wake. Taa nyekundu iliyo hafifu haiharibu mazoea hayo kama nyeupe, na kwa hiyo watazamao nyota hupenda kuitumia.

Huenda mtu akauliza, “Mbona wazee wetu hawakuwa na shida hii?” Jibu lake ni rahisi. Sisi tulio na umri wa miaka arobaini na zaidi twaikumbuka koroboi iliyotoa moshi, na taa ya chemni iliyofutwa kioo kila jioni, na karabai iliyoazimwa kwa ajili ya arusi. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa fedha, na mama mwenye nyumba alijua kiasi kilichobaki chupani. Watu walipomaliza kula na kuzungumza, taa ilizimwa. Haikuwa adabu tu, ilikuwa na hesabu ndani yake. Siku hizi taa hupata nguvu kwa jua lisilouzwa, na kwa kuwa haili fedha, hapana aikumbukaye. Hasara iliyokuwa ya mwenye taa imehamia kwa jirani yake asiyelala.

Tena jirani zetu si watu peke yao. Kila mtoto wa Madibira ajua kwamba kumbikumbi wakitoka, taa moja na beseni la maji vyatosha kuwapata. Huko Bukoba na Uganda watu hukamata senene kwa taa kali usiku. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huwavuta samaki kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana mwanga wake huishinda taa. Basi watu wetu wajua tangu zamani kwamba taa ni mtego. Lakini mtu ategaye akusudia kupata chakula. Sisi tukiwasha taa za mapambo usiku kucha twatega bila kukusudia, na asubuhi twafagia wadudu waliokufa bure.

Mwaka 2024 wataalamu wa Imperial College London na Florida International University walitoa habari za uchunguzi wao, ambao waliufanya kwa kuwapiga wadudu picha za upesi sana. Waliona kwamba mdudu arukaye hugeuza mgongo wake kuelekea taa. Tangu kale upande wenye mwanga ulikuwa ni wa juu, ndiko mbinguni. Basi mdudu akiona taa hudhani kwamba ndiyo juu, akaipa mgongo, akazunguka pasipo kuweza kutoka, mpaka achoke.

Habari nyingine ni ya yule dundu avingirishaye mavi ya wanyama. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden na wa Afrika Kusini walionyesha kwamba dundu huyo, usiku usio na mwezi, aweza kushika njia iliyonyoka kwa kufuata ule mkanda mweupe wa nyota upitao katikati ya mbingu, uitwao Njia Nyeupe. Waliwafunika baadhi yao kwa kofia ndogo, nao wakapotea njia. Tena mwaka 2021 ilionekana kwamba chini ya mwanga wa mji baadhi ya dundu hawa huacha kutawanyika na huelekea kwenye taa zenyewe. Ikiwa mdudu wa mavini ahitaji nyota ili aende sawasawa, tusione neno hili kuwa dogo.

Neno hili latuhusu sisi wa Usangu hasa. Mbuga ya Taifa ya Ruaha ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa nayo, hata mbuga hiyo ikawa jirani yetu wa karibu. Watu wengi hufika huko kwa njia ya Iringa, wakalala mahemani, nao hutoka mbali ili kusikia simba akinguruma na kuona nyota ambazo katika miji yao hazionekani tena. Afikaye hapo akatundika taa za rangi kama za dukani, awanyang'anya wenzake kile walichokijia. Wanyama nao ndio wenyeji wa mahali pale, sisi ni wageni, na mgeni hapangi upya nyumba ya mwenyeji wake.

Wazee wetu nao waliitumia mbingu. Walikitazama Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo jina lake latokana na kulima, wakajua majira ya jembe. Je, watoto wetu wangapi waweza kukionyesha kwa kidole? Kambi ni mahali pema pa kuwafundisha, lakini mwalimu hawezi kufundisha nyota chini ya shanga za taa.

Huko Marekani kiko chama kiitwacho DarkSky International, kilichoanzishwa mwaka 1988 ili kulitunza giza la usiku. Mwaka 2020, pamoja na Illuminating Engineering Society, chama cha mafundi wa taa, kilitoa kanuni 5: taa iwe na kazi, ielekezwe mahali pa kazi hiyo, isiwe kali kupita haja, iwashwe wakati wa haja tu, na rangi yake ielekee manjano kuliko buluu. Tulipozisoma tulistaajabu, kwa kuwa karibu zote zilikuwa ndani ya neno la yule mzee.

Basi sisi tumezifanya kuwa desturi za kambi zetu, nasi twawaletea, walimu na wazazi, mzitumie mkiona zafaa.

1. Kabla ya kufunga taa, jirani aulizwe. Piga hodi kwenye hema lake, mwamkie, umwambie wataka kuweka taa mahali gani na mpaka saa ngapi.

2. Taa ziwe chini ya magoti au zifunikwe upande wa juu, ili mwanga uangukie ardhini. Taa ya njia iwekwe karibu na kamba na vigingi vya hema, maana hapo ndipo watu wajikwaapo.

3. Mapambo yawe mahali pa mazungumzo, yasiwe mahali pa kulala. Na yasiwe mengi, maana kizuri chajiuza.

4. Saa 4 za usiku mapambo yote yazimwe. Ibaki taa moja hafifu ya chooni, na nyingine ya mgonjwa ikiwa yuko.

5. Mwenye tochi aielekeze miguuni pake. Kummulika mtu usoni ni sawa na kumpigia kelele sikioni.

6. Taa ya mafuta isiwekwe kamwe ndani ya hema, wala karibu na majani makavu au nyasi za mpunga. Moto wa kiangazi haungoji maji.

7. Wakati wa kuondoka, waya zote zifunguliwe na betri zichukuliwe. Waya uliosahauliwa mtini huwa kitanzi cha ndege.

Huenda mwingine akasema, “Lakini giza lina hatari. Fisi je? Nyoka je?” Ni kweli, wala hatusemi mtu atembee gizani. Tochi na iwe mkononi, na taa ya choo iwake. Mkiwa mbugani sikilizeni neno la askari wa wanyama, maana yeye ajua njia zao. Taa za mapambo si ua. Wala zisidhaniwe kuwa kinga ya malaria. Mbu wa ugonjwa huo hufuata zaidi pumzi na harufu ya mtu, na dawa yake kambini ni chandarua kilichochomekwa vizuri, kiwe na taa au bila taa.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote: namna ya kuambiana. Usiende kuzima taa ya mwenzako kwa mkono wako, wala usinung'unike hemani hata asubuhi. Nenda kwa upole, useme, “Ndugu, taa zako ni nzuri, lakini mtoto hapati usingizi, waweza kuzipunguza?” Na wewe uambiwaye, usiulize kwa nini wengine hawakusema. Itika, zima, umshukuru. Walio wengi hawatakuambia, kama yule mama ambaye aliona haya kuiharibu furaha yetu. Kwa hiyo msimamizi wa kambi asingoje malalamiko. Azunguke mwenyewe kabla ya kulala, asimame mlangoni pa kila hema, atazame mwanga waingia wapi.

Sisi twafanya hivyo sasa. Mwaka uliofuata yule mzee alikuja tena kambini. Saa 4 kijana yule yule alizima shanga zake moja baada ya nyingine, ikabaki taa ndogo ya choo, imewekwa chini na kufunikwa kwa kopo. Tulikaa kitambo bila kuona kitu. Kisha macho yakazoea, nyota zikatokea juu ya mashamba mpaka upeo wa Usangu, na watoto wakaanza kuuliza majina yake. Mzee akainua mkono wake wa kushoto, akawaonyesha.