Kuizunguka Udzungwa kwa Treni

Watoto wa Mlandege, sogeeni. Iringa yetu haina reli. Anayetaka treni huanza kwa basi, akafuata barabara kuu kupitia Ifunda na Mafinga mpaka Makambako. Hapo ndipo inapopita TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Mbona ilituacha? Waliojenga hawakuwa wakitutafuta sisi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao. Zambia haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikipita kusini, mikononi mwa watu wasioitakia mema. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia wakataka reli ya kutoka huko hadi Dar es Salaam. Wakubwa wa Magharibi wakasema haitalipa, China ikakubali. Kazi ilianza 1970, na kufikia 1975 njia ya kilomita 1,860 ilikuwa imeunganishwa.

Sasa tandazeni ramani. Mnaiona milima ya Udzungwa? Sisi tuko juu, upande wa baridi. Reli inapita chini upande wa pili, katika bonde la Kilombero, kwenye joto na mpunga. Basi mimi nasema tuizunguke: twende kwa treni, turudi kwa basi.

Kipande cha Makambako hadi Mlimba ndicho kilichowatoa jasho wajenzi. Treni haishuki mlima kama mbuzi. Gurudumu lake ni la chuma, na linakanyaga chuma. Mteremko ukiwa mkali, litateleza. Kwa hiyo reli hulazimika kuinama kidogo kidogo, ikijipinda ubavuni mwa mlima. Penye korongo hupewa daraja, penye jabali hutobolewa handaki. Njia nzima ina mahandaki 22, na mengi yako katika kipande hiki. Chunguzeni pia daraja la Mto Mpanga, ambalo nguzo zake zina urefu wa takribani mita 50. Anayeogopa asichungulie!

Ndiyo maana kupanga kunaanzia kwenye saa, kabla hata ya nauli. Ukipita hapo usiku umelipa kutazama giza, na ndani ya handaki utaongezewa giza jingine.

Mkishaondoka Mlimba kuelekea Ifakara, kaeni dirisha la kushoto, milima iko huko. Sweta mliyoivaa Makambako mtakuwa mmeivua zamani. Shukeni Mang'ula, au Ifakara kama treni yenu haisimami Mang'ula. Mang'ula ndiyo lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, na jirani yake yako maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi. Kutoka hapo ni basi: Kidatu, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, kisha kuupanda mlima Kitonga hadi nyumbani.

Chukueni maji, chakula cha akiba na subira, kwa kuwa treni hii huchelewa, tena wakati mwingine sana. Kabla hamjakata tiketi ya basi, mwombeni mzazi aulize stesheni ya Makambako kama treni ya kwenda Dar es Salaam ipo, na inatarajiwa saa ngapi. Akiambiwa ni usiku, msiende, ngojeni nyingine.