Kina Mama Bambuti na Uongozi: Mafunzo Yaanzie Wapi?



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo tumeulizwa mara nyingi: kwa nini tunawaita kina mama Bambuti katika mafunzo ya jinsia na uongozi, wakati kambini kuna shida za chakula, maji na usalama zisizoweza kungoja? Wengine wametuambia wazi kwamba Bambuti ni wachache na kwamba hawakuzoea mikutano. Swali hilo ni la haki.

Jibu letu ni hili. Chakula, maji na usalama hupangwa na watu walioketi katika kamati. Asiye na mtu wake pale huletewa habari wakati uamuzi umekwisha kukatwa. Ndivyo inavyotokea kwamba vyoo vinachimbwa mbali na upande wanakolala Bambuti, na hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuwepo tu mtu wa kusema.

Waliotoka msituni

Bambuti ni wenyeji wa zamani wa msitu wa Ituri, hasa pande za Mambasa na sehemu za Irumu. Kwa miaka mingi wameishi kwa ujirani na Babira, Balese na wengine, wakibadilishana nyama na asali kwa ndizi, muhogo na vyuma. Ujirani huo ulikuwa na mema yake na pia dharau yake, na sote tunajua hivyo.

Vita vilipofika, msitu haukuwaficha. Mwishoni mwa mwaka 2002 na mwanzoni mwa 2003, vikundi vyenye silaha viliingia Mambasa katika operesheni ambayo wenyewe waliiita kwa Kifaransa "Effacer le tableau", yaani kufuta ubao. Bambuti waliteswa na kuuawa pamoja na majirani zao. Mwezi Mei 2003 mjumbe wao, Sinafasi Makelo, alisimama New York mbele ya Jukwaa la Umoja wa Mataifa la watu wa asili akaeleza yaliyowapata. Tangu mwisho wa 2017 mapigano yalianza upya Djugu, kisha mashambulizi yakaenea Irumu na Mambasa, na familia nyingi zikakimbilia Komanda, Bunia na kwingineko. Tazameni basi: sauti ya Bambuti ilifika New York miaka zaidi ya 20 iliyopita, lakini katika mkutano wa kamati ya maji, hatua mia moja kutoka hema lao, mara nyingi haijafika.

Neno "jinsia" maana yake nini?

Watu wengi wakisikia "jinsia" wanadhani ni habari ya wanawake kushindana na wanaume, au ni desturi ya wazungu. Sisi tumejifunza kulieleza kwa swali moja tu. Tunawaketisha pamoja kina mama Bahema, Balendu, Babira na Bambuti, tunauliza: kwenu, nani anajenga nyumba?

Wengi wanajibu haraka: mwanaume, bila shaka. Kina mama Bambuti wanacheka. Msituni, mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Ndiye anayekata fito, anayezichomeka ardhini na kuzipinda, kisha anafunika kwa majani mapana ya mongongo. Mlango anauelekeza anakotaka yeye, na akigombana na jirani anaugeuzia upande mwingine. Kuzaa ni kwa mwanamke popote duniani. Hiyo ni maumbile. Kujenga ni kwa mwanaume hapa na kwa mwanamke pale, ndani ya mkoa huo huo mmoja. Hilo la pili ndilo linaloitwa jinsia: kazi, heshima na sauti ambazo jamii imegawa yenyewe, na ambazo jamii yenyewe inaweza kuzigawa upya.

Swali hilo lina upande mwingine mchungu. Mtu akikimbilia kambini anapewa turubai na miti, na kazi ya kusimamisha vibanda, ambayo pengine ina malipo kidogo, huitiwa vijana wa kiume. Mama wa Kimbuti aliyekuwa mjenzi anakuwa mtu wa kungojea kujengewa. Hivyo hivyo katika uwindaji. Bambuti wanaowinda kwa nyavu huenda mume na mke: wanaume wanasimama kwenye nyavu, wanawake wanazunguka mbali wakipiga kelele na kuwafukuza wanyama waelekee huko. Bila wao nyavu zingebaki tupu, na wakati wa kugawa nyama nao husema neno lao. (Baefe, wenzao wanaowinda kwa upinde, wana utaratibu mwingine, maana Bambuti si wote mamoja.) Kambini hakuna nyavu. Orodha ya chakula inamwandika "mkuu wa familia", na katika karatasi nyingi huyo ni mwanaume.

Kwa hiyo tunapowaita kina mama hawa, hatuendi kuwapelekea uongozi kana kwamba hawakuujua. Sehemu yake waliipoteza njiani, wakati wa kukimbia.

Kosa letu la kwanza

Hili tunaliungama ili wengine wasilirudie. Mafunzo yetu ya kwanza tuliyafanya mjini, katika ukumbi wenye viti vilivyopangwa kama darasa, kwa Kifaransa na Kiswahili, kuanzia saa mbili asubuhi. Tulitoa daftari na kalamu kwa watu ambao wengi wao hawakupata shule. Kina mama Bambuti waliketi nyuma, karibu na mlango, siku tatu bila kusema. Mwishoni tuliandika katika ripoti kwamba walishiriki.

Hawakushiriki. Walikuwepo tu.

Baadaye tulielewa mambo madogo ambayo kwa kweli ni makubwa. Asubuhi ndiyo saa ya kwenda kulima mashamba ya watu kwa kibarua, na mama asiyekwenda siku hiyo watoto wake hawali. Kiswahili wanakisikia, lakini jambo la moyoni wanalisema kwa Kibira au Kilese. Nauli inayotolewa mkononi mwa kiongozi wa kundi haifiki yote kwa mwenyewe. Na majira ya asali yakifika, mwenye nafasi ya kurudi karibu na msitu huondoka, hata kama mmepanga mafunzo mwezi mzima kabla.

Siku hizi tunaketi kambini, chini, kwa duara, alasiri wanaporudi. Tunatumia picha, nyimbo na maigizo. Tunapanga muda mfupi kwa majuma mengi, si siku tatu mfululizo. Mtafsiri tunamchagua pamoja nao, kwa sababu mtafsiri waliyemwogopa ni sawa na kufunga mlango.

Mambo yanayofundishwa

Sehemu kubwa ya mafunzo ni mazoezi. Tunaigiza mkutano wa kamati: mmoja anakuwa mwenyekiti anayewakata wengine maneno, mwingine mgawaji wa sabuni, mwingine mama ambaye jina lake limeruka katika orodha. Wanajifunza kuuliza maswali matatu: nani aliamua, lini, na malalamiko yanapelekwa kwa nani? Wanajifunza kurudi kwa wenzao jioni na kueleza yaliyosemwa, kwa maana mjumbe asiyerudisha habari hamwakilishi mtu. Hili la mwisho Bambuti hawakuhitaji kufundishwa sana. Kwao msituni mambo ya kambi yalijadiliwa jioni, kila mtu akisikika kutoka penye nyumba yake, na hakukuwa na chifu wa kukata neno peke yake. Ilikuwa ni sisi, na kamati zetu za mwenyekiti na katibu, tuliokuwa na la kujifunza.

Hatuwaombi kusimulia ukatili waliotendewa vitani. Mwenye kutaka kusema tunamsikiliza faraghani na kumwelekeza kwa wahudumu wa afya. Mafunzo ya uongozi si mahali pa kufungua kidonda mbele ya watu arobaini.

Sheria zinasema nini?

Viongozi wengi hushangaa tunapowasomea maneno haya, kwa hiyo tunayaweka hapa.

Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaahidi usawa wa wanaume na wanawake katika vyombo vya uongozi, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilifuata kueleza utaratibu wake. Mpaka mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume ili afungue kesi mahakamani. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliiondoa ruhusa hiyo. Na tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa sahihi sheria namba 22/030 ya kulinda na kukuza haki za watu wa asili, ambayo inatambua haki yao juu ya ardhi wanayokaa na kuitumia.

Kwa waliokimbia makwao kuna Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani. Kanuni ya 9 inaipa serikali wajibu wa pekee wa kuwakinga watu wa asili wasiondolewe katika ardhi yao. Kanuni ya 18 inataka juhudi maalum ifanyike ili wanawake washiriki kikamilifu katika kupanga na kugawa misaada. Kanuni ya 20 inasema mwanamke ana haki ya kupewa hati kwa jina lake mwenyewe. Hii ya 20 tunaikazia sana. Mama asiye na kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha wengi, anapata taabu kila kwenye kizuizi cha barabara. Na mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa, maana baada ya hapo njia ni ndefu na ina gharama.

Wanaume nao

Mama anayerudi nyumbani kutoka mafunzoni na maneno mapya anaweza kupigwa. Tumeliona. Kwa hiyo waume na wazee tunawaita mapema, na katika kikao chao tunauliza swali lile lile la nyumba. Wazee Bambuti ndio wanaowaeleza wazee wa makabila mengine kwamba mke kujenga hakumpunguzii mume heshima. Hatusemi kwamba wote wanakubali. Wengine huondoka kabla ya mwisho.

Kwa wanaodhani mwanamke hawezi kusimama katika mambo ya vita na amani, tunawakumbusha Bunia ya mwezi Aprili 2003, Tume ya Kutuliza Ituri ilipokutana mji ukiwa bado mikononi mwa wenye silaha. Baraza la muda lililotoka katika mkutano ule liliongozwa na mwanamke, Pétronille Vaweka, na mwaka uliofuata akawa kamishna wa wilaya. Aliwaendea wakuu wa vikundi vyenye silaha kuzungumza nao. Mwaka 2023 alipewa tuzo huko Marekani kwa kazi hiyo ya kujenga amani. Yeye alikuwa na shule na lugha, ni kweli. Wanaoishi chini ya turubai wanaanza mbali zaidi.

Ombi kwa viongozi

Ninyi mnaoitisha mikutano ya kambi, tunawaomba mambo machache yasiyo na gharama. Mkutano uwe alasiri. Viti vya kina mama Bambuti viwe viwili, si kimoja, kwa maana aliye peke yake kati ya watu ishirini hunyamaza, na wawili hunong'onezana kwanza, kisha mmoja husema. Wawachague wenzao wenyewe, asiteuliwe yule mnayemjua ninyi kwa sababu anawafanyia kazi shambani. Na yanapokuja mazungumzo ya kurudi vijijni, msiifunge orodha ya ardhi kabla hawajataja sehemu zao za msitu kwa majina: mito, mahali pa asali, makambi ya zamani. Sehemu hizo hazina hati wala uzio, na wanaozijua kwa majina wanazidi kuzeeka wakiwa mbali nazo.