Maliwali wa Alexander

Leo tutasema habari za maliwali wa Alexander, mfalme wa Makedonia.

Alexander alikufa Babeli mwaka 323 kabla ya Kristo, hajatimiza miaka 33. Nchi alizozishinda zilianzia Ugiriki na Misri zikafika Bara Hindi. Nani azishike? Nduguye alikuwa na upungufu wa akili, na mwanawe hajazaliwa bado. Basi jemadari Perdiccas akashika madaraka kwa niaba yao, akawagawia wenzake majimbo. Kila liwali alitoza kodi na kuweka askari kwa jina la mfalme.

Lakini mwenye kodi na askari, nani atamwamuru? Ptolemy alipewa Misri, nchi tajiri ya ngano. Maiti ya Alexander ilipokuwa njiani kwenda kuzikwa, yeye aliiteka akaipeleka Misri, maana aliyemzika mfalme alionekana mrithi. Werevu mkubwa huo! Perdiccas akamwendea kwa vita. Katika kuvuka mto Nile askari wake wengi walikufa maji, wengine wakaliwa na mamba. Maofisa wake mwenyewe wakamwua hemani.

Yule mtoto wa Alexander naye aliuawa angali kijana. Kisha maliwali, mmoja baada ya mwingine, wakajiita wafalme. Wazawa wa Ptolemy walitawala Misri mpaka Cleopatra alipokufa, mwaka 30 kabla ya Kristo.