Shaba inakunywa hewa

Watu wa Kolwezi tunajua shaba, lakini wachache njo wanajua kama ikiyeyuka inakunywa hewa. Shaba safi inayeyuka kwa digri 1,085. Ikishaingiwa na oksijeni, hata isiyofika nusu ya asilimia moja, inatosha 1,066. Ikipoa, oksidi inabaki vitone vidogo-vidogo kati ya chembe za shaba. Kidogo haina ubaya, waya za umeme zinatoka mule. Ikizidi, chuma kinapasuka. Njo maana wafuaji wa zamani walitumbukiza miti mibichi ndani ya shaba ya moto: moshi wake unaondoa oksijeni. Sasa, pembeni ya muji, Kamoa-Kakula imejenga tanuru ya tani 500,000 kwa mwaka. Tunataka watoto wa hapa wapime ile oksijeni, si kubeba mifuko tu.