Mganga Anayewafuata Wagonjwa

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya udongo mwekundu vinavyoyazunguka machimbo ya Kolwezi, mtu mmoja hufunga sanduku nyuma ya pikipiki yake. Ndani ya sanduku mna barafu na chupa ndogo za chanjo. Na katika mfuko wa begani mna daftari, kipimajoto, bendeji na vidonge. Mtu huyo si daktari. Lakini katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu, watoto wakisikia mlio wa pikipiki hupiga kelele: “Munganga amefika!” Na wale wanaoikumbuka sindano ya safari iliyopita hukimbilia nyuma ya nyumba.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kuwaeleza habari za kazi ya mtu huyu, mwuguzi msaidizi wa daktari, ambaye hangoji wagonjwa wamjie, bali huwafuata walipo. Kazi hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani, na mto wetu Lualaba una sehemu kubwa katika historia yake.

Malale na papasi

Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliwaangamiza watu wengi sana katika Afrika. Huko Uganda peke yake, kati ya mwaka 1900 na 1920, hukadiriwa kuwa watu robo milioni walikufa. Mwaka 1902 daktari kijana Mwingereza, Joseph Everett Dutton, alieleza vijidudu vilivyoonekana katika damu ya mtu huko Gambia. Na mwaka 1903, huko Uganda, ilitambulika kwamba vijidudu vya namna hiyo ndivyo viletavyo malale, na kwamba mbung'o ndiye avichukuaye.

Mwaka huo huo wa 1903 Dutton na mwenzake John Lancaster Todd walitumwa na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool kuja Kongo. Walisafiri kwa mto na kwa miguu, wakitazama wagonjwa kijiji kwa kijiji. Njiani walichunguza pia homa inayoletwa na papasi, yule mdudu ajifichaye katika sakafu za udongo. Homa hiyo iliwapata wote wawili. Todd alipona, Dutton alikufa Kasongo, karibu na Lualaba, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Basi, mganga anayekwenda kwa wagonjwa huingia pia katika hatari zao. Na tusisahau wachukuzi, wapiga makasia na wakalimani waliofuatana nao: bila hao safari isingalifika popote, wala majina yao hayatajwi na watu.

Shingo, sindano na hofu

Todd alihimiza njia rahisi ya kumtambua mgonjwa wa malale mapema: kuzipapasa tezi za nyuma ya shingo. Zikiwa zimevimba, maji yake hutolewa kwa sindano na kutazamwa kwa darubini. Kazi hiyo mtu aliyefundishwa vema aweza kuifanya chini ya mwembe. Kwa hiyo serikali ya Wabelgiji iliunda vikosi vya kusafiri. Wanakijiji walipangwa mistari, wakahesabiwa, wakapapaswa mmoja mmoja. Na waliofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo walikuwa wauguzi Waafrika.

Wako watakaouliza: Kwa nini wasingoje hospitalini? Jibu ni hili: malale huanza polepole. Mtu aweza kukaa miezi mingi, hata miaka, akilima na kuvua samaki, wala asijue kwamba anabeba mauti. Anapoanza kusinzia mchana na kusema maneno yasiyoeleweka, ugonjwa umekwisha ingia ubongoni. Tena, kabla ya siku ile mbung'o wamekwisha mfyonza damu na kuwapelekea jirani zake. Kumngoja mgonjwa huyo aje mwenyewe ni kungoja nyumba iteketee ndipo utafute maji.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Watu wengi waliviogopa vikosi hivyo, na wengine walikimbilia porini. Walikuwa na sababu. Aliyekuja kuhesabu shingo alifanana na yule aliyekuja kuhesabu vichwa vya kodi na kazi za lazima. Watu walikatazwa kusafiri bila hati ya mganga. Dawa zenyewe zilikuwa kali: baadhi ya zile za zamani, zilizotengenezwa kwa aseniki, ziliwapofusha wagonjwa kadha wa kadha. Ugonjwa ulipungua sana, ni kweli. Lakini hofu ilibaki katika masimulizi ya wazee. Nayo yatufundisha kwamba dawa ikiletwa kwa amri tu, bila maelezo, huacha jeraha jingine.

Mwaka wa 1960

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hapakuwapo bado hata Mkongo mmoja aliyehitimu udaktari katika vyuo vya nchi yake. Walikuwapo wauguzi wengi, na juu yao wasaidizi wa madaktari zaidi ya mia moja, watu waliosomea kazi yao miaka mingi. Katika machafuko yaliyofuata madaktari wengi wa Kizungu waliondoka, na mzigo wa hospitali nyingi ukawaangukia wauguzi na wasaidizi hao.

Ndipo Shirika la Afya Ulimwenguni lilipowapeleka wapatao 60 wa wasaidizi hao huko Ufaransa, wamalizie masomo ya udaktari. Baada ya miaka mitatu hivi wengi wao walirudi wakiwa madaktari kamili. Kwa muda mrefu walikuwa wameitwa wasaidizi tu. Kumbe walikuwa wamebakiza hatua chache!

Kazi ya leo

Siku hizi jimbo la Lualaba, ambalo tangu mwaka 2015 ni jimbo kamili na mji wake mkuu ni Kolwezi, lina ukubwa wa kilometa za mraba zaidi ya 120,000. Katika nchi pana namna hii mtu aweza kuishi karibu na machimbo ya shaba na kobalti yanayojulikana ulimwenguni kote, na bado akawa mbali na mlango wa hospitali. Wachimbaji wadogo huhama kutoka shimo hadi shimo pamoja na wake zao na watoto wao; kadi za chanjo hupotea njiani. Na mashimo yenyewe yana madhara yake. Katika mtaa wa Kasulo, humo humo mjini Kolwezi, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu mwaka 2014. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kobalti nyingi katika mikojo ya wakaaji wake, na hasa ya watoto.

Basi ndiyo maana mwuguzi wa safarini bado anahitajiwa. Chanjo zake nyingi lazima zikae katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Barafu ikiyeyuka kabla hajafika, safari yote ni bure. Wakati wa masika barabara hugeuka matope, na mara nyingine huisukuma pikipiki badala ya kuipanda. Asipofika, ni nini? Mwaka 2019 surua iliua katika Kongo watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Hao hawakufa kwa kukosa elimu ya madaktari, kwa maana chanjo ya surua imekuwapo tangu miaka ya 1960. Wengi walikufa kwa sababu chanjo na mtoto hawakukutana.

Na malale je? Mwaka 1998 wagonjwa zaidi ya 26,000 walipatikana katika Kongo. Vikosi vya kusafiri vilirudi kazini, vingine kwa pikipiki, hata ilipofika mwaka 2018 ulimwengu mzima ulihesabu wagonjwa wasiotimia 1,000. Tena mwaka huo vilikubaliwa vidonge vya feksinidazoli, vinywewavyo siku 10, ambavyo wagonjwa wengi waweza kuvimeza karibu na nyumbani, mwuguzi akiwaangalia. Tofauti iliyoje na ile dawa ya sindano ya aseniki, ambayo iliwaua watu wapata 5 katika kila 100 waliotibiwa nayo!

Ndugu wasomaji, mganga huyo akija kijijini kwenu, msimwache peke yake chini ya mwembe. Enyi akina mama, leteni kadi za watoto, mkaulize dawa ni ya nini; kuuliza si utovu wa adabu. Enyi wazee, msimfiche mgonjwa ndani, kwa maana wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nanyi wanafunzi mnaopenda hesabu na elimu ya viumbe, msiidharau kazi hii kwa sababu ya vumbi lake. Jioni, munganga arudipo Kolwezi, sanduku lake ni tupu na barafu imekuwa maji. Lakini katika daftari yapo majina mapya ya watoto. Na hayo ndiyo mavuno yake.