Sura ya Sita: Mwaka wa Nyuki Huanza Agosti

Katika nchi za kaskazini, kuanzia Slovenia na Ukraine hadi Vermont na nyanda za Alberta, mfuga nyuki mgeni huingia kazini mwezi wa tano. Miti imechanua, kundi jipya limewekwa mzingani, na kwa miezi mitatu mambo humwendea vizuri. Nyuki huongezeka, masega hujaa, asali hurinwa. Ikifika Septemba anaamini kazi ameiweza. Machi, theluji inapoyeyuka, anafungua mzinga na kukuta nyuki wote wamekufa.

Hilo huwapata wengi kila mwaka, na si kwa uzembe. Katika nchi za baridi kosa na matokeo yake hutengana kwa miezi sita au saba. Kilichoua kundi mwezi Februari mara nyingi kilianza Agosti, wakati mzinga ulipokuwa unavuma kwa nguvu na hakuna aliyeona dalili. Katikati ya hapo mzinga haufunguliwi, maana kuufungua penye baridi kali ni kuwapotezea nyuki joto walilolitafuta kwa taabu. Anayejifunza peke yake hupata jaribio moja tu kwa mwaka, na jibu likija hajui ni lipi kati ya mambo kumi aliyoyafanya lililomponza. Ndiyo sababu ufundi huu, kule kaskazini, haupatikani kwa haraka bila kukaa na mzee aliyeupitia.

Kwa msomaji wa Tabora au Kitui jambo hili linahitaji maelezo. Nyuki wetu ana mlango wa kutokea. Maua yakiisha na njaa ikaingia, kundi huhama. Mvua zikinyesha na miti ikichanua, kundi jingine huingia lenyewe kwenye mzinga uliotundikwa mtini. Nyuki wa kaskazini hana pa kuhamia, kwa kuwa theluji imefunika nchi nzima. Ataishi kwa akiba aliyoiweka na kwa joto analolitengeneza mwenyewe, miezi mitano au zaidi. Kazi ya mfugaji ni kumfikisha kwenye mlango wa majira hayo akiwa kamili.

Bumba na joto lake

Nyuki wa asali halali majira ya baridi. Joto la nje likishuka hadi karibu nyuzi 14 za Selsiasi, kundi huanza kusogeleana na kuwa bumba moja katikati ya masega. Kila nyuki hutetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mbawa, na mtetemo huo hutoa joto. Walio nje hubanana, vichwa vikielekea ndani. Walio ndani wana nafasi ya kutembea na kula. Baada ya muda hupokezana.

Hata nje kukiwa na baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, katikati ya bumba joto huwa nyuzi 20 na zaidi. Malkia akianza kutaga tena kuelekea mwisho wa baridi, nyuki hulipandisha hadi karibu nyuzi 35, kwa sababu majana, yaani mayai na mabuu, hayakui vizuri kwenye joto pungufu ya hapo. Kwenye ukingo wa bumba joto ni karibu nyuzi 10. Likishuka zaidi, nyuki hupooza, huwaachia wenzake na kudondoka.

Joto hilo lote linatokana na asali, na bumba hupanda juu polepole likiifuata. Baridi ikikaza kwa wiki nzima, nyuki hawathubutu kuvuka kwenda sega la pembeni. Kundi laweza kufa njaa huku asali ipo umbali wa kiganja. Kwa hiyo wazee wa kazi hupanga mzinga mapema, kabla baridi haijaingia: majana na nyuki chini, asali juu yao, masega matupu yaondolewe katikati. Mwanafunzi akielezwa hivyo kwa maneno husahau. Akipanga fremu, yaani viunzi vinavyobeba masega, kwa mikono yake huku mzee akimsahihisha, hasahau.

Agosti

Nyuki mtenda kazi aliyezaliwa Juni huishi wiki tano au sita. Aliyezaliwa Septemba aweza kuishi miezi sita. Wote ni watoto wa malkia mmoja, lakini huyu wa pili hulishwa chavua kwa wingi, halei majana mengi, na mwilini mwake hujiwekea akiba ya mafuta na protini. Akiba hiyo ndiyo inayomvusha, na ndiyo atakayoitumia kuwalea wa kwanza wa mwaka mpya.

Hapa ndipo utitiri wa varoa unapoharibu. Mdudu huyu aliishi na nyuki wa Asia kabla ya kuhamia kwa nyuki wa asali wa Ulaya. Nchini Marekani aligunduliwa mwaka 1987. Hula kiungo kilekile kinachohifadhi mafuta ya nyuki, na husambaza virusi vinavyokunja mbawa. Kuelekea mwisho wa majira ya joto majana hupungua huku utitiri ukiendelea kuongezeka, basi buu mmoja hushambuliwa na wengi. Anayesubiri hadi mwisho wa Oktoba atauua utitiri, lakini nyuki wa baridi watakuwa wamekwisha kulelewa na walezi wagonjwa. Kundi lake litaonekana zima hadi Krismasi, kisha litapungua siku hadi siku mpaka bumba lishindwe kujipasha.

Kwa sababu hiyo wafugaji wenye uzoefu husema mwaka wa nyuki huanza Agosti. Humfundisha mwanafunzi kuhesabu kabla ya kutibu. Nusu kikombe cha nyuki, yaani karibu 300, huwekwa ndani ya chupa yenye mfuniko wa wavu pamoja na sukari laini ya unga; chupa ikitikiswa utitiri huachia na kudondoka, nyuki hurudishwa mzingani. Wengi huchukua hatua wakipata utitiri 2 au 3 kwa kila nyuki 100. Baadaye, majira ya baridi yanapoingia na majana yamekwisha, hutumia asidi ya oksaliki, kwa kuwa wakati huo utitiri hauna vijumba vya majana vya kujifichia. Jambo gumu kwa mgeni ni kuamini kipimo wakati macho yanaona kundi lenye afya. Mzee aliyewahi kuzika makundi kwa kosa hilo ndiye anayeweza kumshawishi.

Uzito na ubora wa chakula

Kundi la kaskazini mwa Marekani au la Kanada huhitaji takriban kilo 27 hadi 40 za asali ili livuke. Mzee hushika upande wa nyuma wa mzinga, akaunyanyua kidogo, na mara moja anajua. Ujuzi huo unakaa mkononi. Njia nzuri ya kuufundisha ni kumpa mwanafunzi mzinga mzito aunyanyue, kisha mwepesi, kisha wa kati, na kila mmoja baadaye upimwe kwa mizani mpaka mkono wake na mizani vikubaliane.

Mzinga mwepesi huongezewa maji ya sukari, sehemu mbili za sukari kwa moja ya maji. Lazima yatolewe mapema, kwa kuwa nyuki wanatakiwa kuyapunguza maji na kuyafunika kwa nta kabla ya baridi. Nchini Finland wafugaji wengi hurina karibu asali yote, kisha hulirudishia kundi sukari mwishoni mwa majira ya joto.

Ubora nao una uzito wake. Nyuki hawajisaidii ndani ya mzinga. Hushikilia wiki nyingi mpaka ipatikane siku yenye jua na joto kidogo, wakatoka na kurudi. Asali ya misituni, ile nyeusi ambayo nyuki huikusanya kutokana na utamu unaotolewa na wadudu wa mitini, ina mabaki mengi yasiyomeng’enyeka. Watu wa Slovenia huithamini sana mezani. Nyuki akifungiwa nayo miezi mitatu huhara na kuuchafua mzinga wote. Ni mzee wa bonde lile tu anayejua ni mwaka gani msitu umetoa asali ya namna hiyo, na kwamba inafaa iondolewe yote.

Maji ndani ya mzinga

Wafugaji wa kaskazini husema baridi haiui nyuki, unyevu ndio unaoua. Kila kilo ya asali inayoliwa hutoa karibu theluthi mbili ya kilo ya maji kwa njia ya mvuke. Hewa hiyo ya uvuguvugu hupanda, hukutana na kifuniko kilichopoa, hugeuka matone na kulidondokea bumba. Nyuki mkavu huvumilia baridi kali; aliyelowa hufa.

Hapa wazee hawasemi kauli moja. Wengine huacha tundu dogo juu ili mvuke utoke. Wengine huweka juu ya fremu kisanduku cha maranda yanayonyonya unyevu. Wengine huziba juu kabisa, wakaweka kizuia baridi kinene chini ya kifuniko, ili maji yagandie kwenye kuta za pembeni yasiwadondokee nyuki. Huko Quebec na Manitoba, nchini Kanada, wapo wanaoingiza mizinga yote ghalani, gizani, joto likiwa nyuzi 4 au 5, na feni zikitoa hewa chafu.

Mwanafunzi asikate tamaa akisikia majibu manne kwa swali moja. Kila jibu limezaliwa mahali pake: penye upepo mkavu wa nyanda, penye ukungu wa pwani, penye theluji inayofunika mizinga mpaka juu. Swali la kumuuliza mzee ni kwa nini anafanya hivyo hapo alipo. Mwenye ujuzi wa kweli ana sababu. Anayerudia desturi hana. Na mwalimu bora ni yule ambaye manzuki yake iko karibu na yako, akitumia nyuki wa mahali penyewe waliokwisha kuvuka baridi yake.

Elimu iliyopotea na kurudishwa

Zamani sehemu nyingi za Ulaya kaskazini wafugaji walitumia vikapu vya majani makavu visivyoweza kufunguliwa. Ili kupata asali, kundi liliuawa kwa moshi wa kiberiti kila mwaka baridi ikikaribia. Elimu ya kulivusha kundi ilikuwapo, lakini kuifundisha kulikuwa kugumu, kwa kuwa mwalimu hakuweza kuonyesha kilichomo ndani.

Mwaka 1770 Maria Theresa, mtawala wa Austria, alimteua Anton Janša, mtoto wa wakulima wa milima ya Slovenia, kuwa mwalimu wa ufugaji nyuki mjini Vienna. Siku ya Nyuki Duniani, tarehe 20 Mei, imewekwa kwa kumkumbuka. Huko Ukraine, Petro Prokopovych alibuni mzinga wenye fremu mwaka 1814, na mwaka 1828 akafungua shule ya wafuga nyuki iliyodumu hadi baada ya kifo chake. Kisha mwaka 1851 mchungaji Langstroth wa Marekani akatambua kwamba nyuki huacha wazi nafasi ya karibu milimita 6 hadi 9, wasiizibe kwa nta wala gundi. Kwa kuifuata nafasi hiyo, fremu ikawa ya kutoa na kurudisha bila kubomoa. Tangu hapo mwalimu aliweza kuinua sega na kusema: tazama hapa.

Hata hivyo elimu ilipotea tena. Kwa miaka mingi wafugaji wengi wa nyanda za Kanada walinunua nyuki kutoka kusini mwa Marekani kila mwaka majira ya joto yakikaribia, wakarina asali, kisha wakayaua makundi kabla ya theluji. Hesabu ya fedha iliwaruhusu. Mwaka 1987, kwa hofu ya utitiri, Kanada ilizuia nyuki hao kuingia. Watu waliorina asali kwa tani wakajikuta hawajui kulivusha kundi moja hadi Aprili. Iliwabidi wajifunze upya kwa watafiti na kwa majirani ambao hawakuwahi kuacha desturi ya kuvusha. Leo makundi mengi ya Kanada huivuka baridi nchini mwake. Somo ni wazi: ujuzi usiotumika kwa kizazi kimoja hutoweka, hata pale ambapo vitabu vyake vipo.

Kujifunza kutokana na mzinga uliokufa

Anayeanza leo, awe Mfini au Mtanzania aliyehamia Minnesota, na aombe kufuatana na mzee mmoja kuanzia Agosti hadi Oktoba, kabla hata ya kununua mzinga. Akinunua, na anunue miwili: mmoja ukidhoofika, wa pili humwonyesha tofauti. Na amwulize mzee makundi mangapi yalimfia baridi iliyopita. Anayejibu bila kusita, akaeleza na sababu, ndiye wa kumfuata.

Machi, mzinga ukikutwa umekufa, usisafishwe haraka. Mzee na mwanafunzi waufungue pamoja. Nyuki waliotumbukiza vichwa ndani ya vijumba vitupu walikufa njaa. Bumba lililolowa, lenye ukungu, liliuawa na maji. Nyuki wachache sana, asali tele juu yao, na chembe nyeupe za kinyesi cha utitiri kwenye vijumba vya majana: hao waliuawa Agosti. Madoa ya kahawia kwenye fremu zote huonyesha kuhara. Kila sababu iandikwe daftarini pamoja na uzito wa mzinga na hesabu ya utitiri ya miezi iliyotangulia.

Kwa njia hiyo kosa na matokeo yake, ambayo msimu uliyatenganisha, hukutanishwa mezani siku moja. Mfugaji mmoja ni nadra kupitia zaidi ya majira ya baridi arobaini au hamsini katika kazi yake. Anayeketi na wazee watano, akiwa na daftari na maswali, huanza kazi akiwa na mia mbili nyuma yake, na kundi lake la kwanza lina nafasi kubwa ya kuiona Aprili.